UZI: Gari la replika ni feki au ni kazi ya mikono? Tuzungumze Cobra, Lotus Seven na wenzao

Mzee wa Spana

Wakuu, heshima kwenu.

Jukwaa hili nimelisoma miaka mingi nikiwa kimya. Kilichonitoa pembeni ni ile picha ya AC Cobra ya bluu, lile gari la wazi la mbio la miaka ya 60, iliyowekwa hapa juzi. Kijana aliyeiweka alikuwa na furaha yake, kaliona gari barabarani huko aliko, kalipiga picha, kaja kutuonyesha. Robo saa haikuisha, hukumu ikawa imetoka: feki hiyo, faiba hiyo, mwenye hela zake hanunui kopi. Kijana akaifuta. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza nani kalijenga, kaweka injini gani, limemchukua muda gani.

Mimi naishi Uingereza, upande wa Midlands, mwaka wa 15 sasa, na kazi yangu ni ufundi wa malori. Nyumba ya pili kutoka kwangu yupo mzee mmoja mstaafu, enzi zake alikuwa mkereza vyuma kiwandani. Siku moja lori lilimshushia chesisi ya mabomba ya mraba, bodi ya faiba isiyo na rangi na maboksi sijui mangapi. Pembeni ya nyumba palikuwa na Jaguar XJ6 iliyooza sakafu. Nikamuuliza, mzee wangu, unafungua gereji? Akasema anajenga Cobra. Tangu jioni ile mpaka injini ilipowaka ilipita miaka miwili na nusu, na jioni nyingi za miaka hiyo nilikuwa pale, nimeshika taa au spana.

Kwa wasioyafahamu: yapo magari yanayouzwa yakiwa vipande. Kampuni inakuuzia chesisi na bodi, wewe unatafuta gari la kuchinja, unatoa humo difu (gia ya ekseli ya nyuma), breki, usukani, mara nyingine na injini, unaunganisha. Wajenzi wengi wa Cobra huku waliipenda XJ6 kwa sababu ya nyuma yake. Difu, shafti, shokapu nne na diski za breki zilizobana kwenye difu yenyewe badala ya kukaa kwenye matairi, vyote vimeshikana kwenye fremu moja. Unafungua boliti, unakishusha chote kwa mkupuo. Injini tuliyofunga ni V8, yaani ya silinda nane, ya Rover ya lita 3.5, ya alumini. Asili yake ni Buick ya Marekani, Rover walinunua haki ya kuitengeneza miaka ya 60.

Watu wanadhani kazi ni kufunga boliti. Kufunga boliti ndiyo sehemu rahisi. Bodi ya faiba inatoka kwenye moldi ikiwa na mistari ya maungio, mlango mmoja umeinama, mwingine umebenuka. Unapaka puti, unapiga msasa, unafunga mlango, unapima uwazi kwa kidole, unafungua, unaanza upya. Milango miwili ilikula msimu mzima wa baridi. Kisha waya, kila waya kutoka betri mpaka taa ya nyuma ukiupitisha mwenyewe. Baada ya hapo kuna mtihani. Gari la kujijengea huku haliingii barabarani mpaka lipite ukaguzi unaoitwa IVA, ulioanza 2009. Mkaguzi anapima breki, taa, moshi, mikanda, mpaka ncha za nje: kona inayoweza kumgusa mtembea kwa miguu lazima iwe imeviringwa, nusu kipenyo chake isipungue milimita 2.5. Mara ya kwanza gari letu lilianguka kwa sababu ya vioo vya pembeni na boliti mbili zilizochomoza. Mzee alirudi nyumbani, akazikereza kofia za boliti yeye mwenyewe, akarudi kupimwa, akapita.

Majira yale ya joto tukalipeleka kwenye mkusanyiko wa magari ya zamani, uwanja wa kijiji fulani. Akaja bwana mmoja. Akalizunguka mara mbili, akainama kutazama mabomba ya ekzosi, akasimama mbele yake kama mtu aliyekutana na rafiki wa utotoni. Akauliza, "Ni lenyewe?" Mzee akamjibu, hapana, nimelijenga. Yule bwana akageuka akaenda zake, hata kuaga hakuaga. Gari halikuwa limebadilika chochote katika sekunde zile. Mzee alikaa kwenye kiti chake cha turubai, akamimina chai, hakusema neno mpaka tunaondoka.

Kwa hiyo naomba tulichambue hilo neno "lenyewe", na naanza na Cobra.

Mwanzo wake ni fundi anaitwa John Tojeiro, aliyekuwa anajenga magari ya mbio Uingereza baada ya vita. Moja ya magari yake lilikuwa na bodi iliyofuata sura ya Ferrari 166 Barchetta, kwa wazi kabisa. Kampuni ya AC ya Thames Ditton ikalipenda, ikalichukua, mwaka 1953 ikaliuza kwa jina la AC Ace. Baadaye Ace ikafungwa injini ya Bristol, na injini hiyo nayo ilitokana na ya BMW 328 ya kabla ya vita. Mwaka 1961 Bristol wakaacha kuitengeneza. Ndipo akatokea Carroll Shelby wa Texas, dereva aliyekuwa ameshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1959 akiwa na Aston Martin pamoja na Roy Salvadori. Akawaandikia AC kuomba gari lao alifunge V8, injini akaiomba kwa Ford, na mwaka 1962 Cobra ya kwanza ikawaka.

Hesabuni wenyewe. Sura ya Kiitaliano, chesisi ya fundi wa Kiingereza, moyo wa Kimarekani, na kabla ya hapo moyo wa Kijerumani. Hilo ndilo gari tunaloliita halisi. Ni gari la kuunganisha tangu siku ya kwanza! Na Tojeiro huyo huyo, uzeeni, alishirikiana na kampuni ya Dax iliyokuwa inauza replika za Cobra, mpaka gari lao likabeba jina lake. Sasa nani amwambie Tojeiro kwamba lile ni feki?

Msimamo wangu nautoa mapema. Kunakili sura ya gari si kosa. Kosa ni kulifanya gari lidanganye. Mwenye gari akiulizwa akajibu ukweli, mimi namheshimu kwa kiwango cha kazi yake: machomeleo, waya, uwazi wa milango. Karibuni.

Binti wa Gia Tano

Nimevuta kiti. Hiyo ya sura ya Ferrari nilikuwa siijui kabisa, nimetoka kuzitafuta picha za 166 nikaziweka pembeni ya Ace. Ni mtu na mdogo wake.

Silinda Nane

Mkuu, shikamoo kama umenizidi umri. Umeandika vizuri na mzee wako nampa heshima yake. Lakini mimi ni mmoja wa waliosema "feki" kwenye ule uzi na sitarudi nyuma kirahisi, nina sababu zangu.

Cobra za zamani, kuanzia 1962 hadi 1967, zilitengenezwa kama elfu moja tu. Kila moja ina namba, ina madereva waliokalia kiti chake, ina mbio ilizoshinda au kuanguka. Ile ya kwanza kabisa, CSX2000, iliuzwa mnada wa Monterey mwaka 2016 kwa dola milioni 13.75. Watu hawakulipa pesa ile kwa ajili ya sura. Walilipia ushahidi, kwamba chuma hiki ndicho kilichokuwepo. Replika zimekuwa nyingi kuliko hizo mara nyingi sana, matokeo yake mtoto wa leo akiona Cobra anadhani ni gari la kawaida la wazee wenye bustani. Kitu adimu kimefanywa kuwa sare ya harusi.

Pili, mnasema mjenzi ni msanii. Haya, kwa nini basi asibuni sura yake? Mikono anayo, chesisi anayo, miaka miwili na nusu anayo. Anaitumia yote kumwiga mtu mwingine.

Tatu ni la kwangu binafsi. Niliwahi kuuziwa Subaru Impreza ikiwa na nembo ya STI, lile toleo lenye nguvu zaidi, viti vya STI, boneti lenye pua. Nilikusanya pesa ile miaka minne. Siku fundi alipoipandisha juu na kuangalia difu na giaboksi, ilikuwa Impreza ya kawaida kabisa, kila kitu kimebandikwa. Aliyeniuzia alinitazama machoni. Tangu hapo nikiona gari limevaa nguo ya mwenzake, tumbo linanikaza.

Fundi Boti

Assalaam aleikum wakubwa. Mimi ni mtengenezaji wa boti za faiba, Tanga. Naona neno faiba linatajwa humu kama tusi. Naomba nisaidie.

Kazi yetu inaanza kwenye moldi. Unaipaka nta ili kitu kisigande, unapaka gelikoti, hiyo ndiyo ngozi itakayoonekana nje, halafu unalaza mati (mikeka ya nyuzi za kioo) na resini, tabaka kwa tabaka, unapitisha rola kutoa viputo vya hewa. Kiputo kimoja ukikiacha, mwaka wa pili maji yanaingia hapo. Faiba iliyolazwa vizuri inakaa baharini miaka na miaka kwenye chumvi, bati halikai. Gari la bati la hapa pwani mnajua linavyoliwa kuanzia chini ya milango.

Na kuna gari nililipenda tangu niliposoma habari zake, Meyers Manx, lile dogo la wazi la mchangani. Bruce Meyers wa California alikuwa mtu wa boti kama mimi, alijifunza faiba kwenye kiwanda cha boti. Mwaka 1964 akamimina bodi kama mtumbwi, akalifunga mitambo ya Volkswagen Kobe. Baadaye akawa anauza bodi tu, wewe unachukua Kobe yako, unaifupisha sakafu, unafunga. Mwaka 1967 Manx likashinda mbio za jangwani za Mexican 1000, kule rasi ya Baja. Huyu alibuni sura yake mwenyewe, ndugu Silinda Nane. Na nini kilimpata? Watu wakainakili bodi yake kila mahali. Akaenda mahakamani kutetea hataza yake, yaani haki ya ubunifu wake, akashindwa. Mpaka alipofariki mwaka 2021 barabara zilikuwa zimejaa magari yenye sura yake ambayo hakulipwa hata senti.

Kwa hiyo mimi nipo katikati. Kazi naipenda, lakini yule aliyetoa sura asisahaulike.

Mzee wa Spana

Sheikh wangu wa Tanga, wa aleikum salaam. Hiyo ya viputo nitamsomea mzee, ataifurahia, maana bodi yetu ilikuwa na viputo vitatu karibu na bawaba ya mlango wa kushoto, tukavichimba na kuvijaza upya. Na jambo la Meyers linauma kweli. Walioinakili Manx waliiba riziki ya mtu aliyekuwa hai, aliyekuwa bado anauza. Kujenga Cobra miaka 30 baada ya kiwanda kuacha ni jambo jingine.

Silinda Nane, marahaba, na pole sana kwa Impreza. Nakujibu moja moja kwa sababu hoja zako zina uzito.

La STI: umeibiwa, na mwizi wako ni muuzaji. Zile nembo zinapatikana Kariakoo kwa bei ya chakula cha mchana na kila mtu anajua. Mzee wangu angeulizwa na mtu aliyebeba fedha angejibu vile vile alivyomjibu yule bwana wa kijijini. Hata serikali ya huku imemsaidia asidanganye: gari la vipande lililochanganywa kutoka magari mengi, umri wake usipothibitika, hupewa namba inayoanza na herufi Q. Yeyote anayejua magari akiiona Q anaelewa papo hapo.

La kubuni sura yake: wapo waliobuni, tena wengi. Lotus Seven ya mwaka 1957 ilikuwa gari la vipande tangu kiwandani, na hapo kuna kisa kinachonifurahisha. Uingereza ilikuwa na kodi ya ununuzi kwenye magari mapya. Ukinunua vipande ukafunga mwenyewe, kodi hiyo hulipi. Sheria ikakaza: vipande visije na maelekezo ya kuunganisha. Colin Chapman, mwenye Lotus, akawapa wateja maelekezo ya kulifungua gari. Wewe unasoma kuanzia mwisho kurudi mwanzo, gari linasimama. TVR, Ginetta, Marcos, wote waliuza magari ya vipande enzi hizo. Kodi ile ilipofutwa mwaka 1973 na VAT ikaingia, faida ikaisha, na mwaka huo huo Lotus wakawaachia Caterham haki za Seven. Caterham anaitengeneza mpaka leo, na bado unaweza kuinunua ikiwa kwenye maboksi. Hapo sijui mtu aiite nini. Mwenye haki kawa mwingine, gari ni lile lile.

Hata Afrika tulibuni. Cape Town mwaka 1958 vijana wa kampuni ya GSM walitoa gari dogo la faiba linaitwa Dart, zuri kuliangalia, jepesi, lilisumbua magari makubwa kwenye mbio. Na leo replika za Cobra za Superformance, miongoni mwa zinazoheshimika zaidi duniani, zinajengwa Afrika Kusini, Port Elizabeth, mji unaoitwa Gqeberha sasa. Zinasafirishwa kwenda Marekani bila injini, injini inafungwa huko. Ningependa watu wa jukwaa hili walijue hilo kabla ya kutema mate. Ni mikono ya Waafrika inayonyoosha mistari ile.

Halafu nikuulize na mimi. Mwaka 1957 kiwanda cha Jaguar cha Browns Lane kiliungua, na magari tisa ya michezo aina ya XKSS yakateketea kabla ya kufika kwa wateja. Mwaka 2016 Jaguar wenyewe wakatangaza kujenga tisa mpya "kuziba pengo", kila moja zaidi ya pauni milioni 1. Chuma kipya, mafundi wapya, miaka karibu 60 baadaye. Aston Martin wakafanya hivyo kwa DB4 GT, magari 25. Bentley na Blower, 12. Hayo hayaitwi feki, yanaitwa "mwendelezo". Ukisema thamani iko kwenye chuma kilichokuwepo siku ile, basi na hayo yakatae. Ukiyakubali, basi unachokilinda ni haki ya kubandika jina.

Silinda Nane

Nayakataa pia. Sina upendeleo. XKSS ya 2016 ni gari zuri jipya, haikuwepo 1957. Kwangu ni hivyo.

Mzee wa Spana

Nakuheshimu kwa hilo. Wengi huwa wanaruka hapo.

Mwana wa Nakuru

Wadau, Kenya tuko. Mimi nina lingine. Mwaka 1975 nilikuwa na miaka 10, baba akatuamsha usiku wa Pasaka tukasimame kando ya barabara kuona Safari Rally. Lancia Stratos ikapita. Hiyo gari ni fupi kama kiatu, kioo cha mbele kama kofia ya pikipiki, na injini ya Ferrari nyuma ya dereva. Peugeot 504 ya Ove Andersson ndiyo ilishinda mwaka huo, lakini Stratos zilishika nafasi ya pili na ya tatu, Munari na Waldegård. Ilijaribu tena miaka iliyofuata, Safari haikuwahi kuishinda. Mimi hata sikujali. Ile sauti ilinikaa.

Walitengeneza Stratos chini ya 500 zote. Mimi ni mwalimu mstaafu. Hakuna siku katika maisha haya au yale yajayo nitanunua Stratos. Kuna kampuni Uingereza zinauza Stratos ya vipande, bodi ya faiba, watu wanafunga injini ya Alfa Romeo V6. Miaka sita iliyopita binti yangu aliyeolewa huko alinipeleka mahali nikakalishwa ndani ya moja. Nilijua si yenyewe. Mwenye gari aliniambia kabla sijafungua mlango. Akawasha. Wadau, nililia, na sioni aibu kusema.

Bwana Silinda Nane anasema nakala zinaondoa uadimu. Kwangu zile halisi zimefungiwa kwenye maghala ya matajiri, zikitoka zinabebwa kwa trela. Kama si replika, ile sauti mimi ningekufa bila kuisikia tena.

Binti wa Gia Tano

Mwalimu, umenigusa.

Lakini mbona wote mnaongelea magari ya zamani yaliyokufa? Niongelee Ferrari na Lamborghini za kuchonga. Mwaka 2019 polisi wa Brazil walivamia karakana kule Itajaí, baba na mtoto wake wanatengeneza Ferrari na Lamborghini kutoka mwanzo, nembo na kila kitu, wakakamatwa. Na ziko hizi za Toyota MR2 zinazovishwa bodi ya Ferrari F355, na Pontiac Fiero. Je, hao nao ni mafundi wenye haki, au hapo mzee unachora mstari?

Mzee wa Spana

Dada, swali hili ndilo nililiogopa, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Kwanza kwa nini MR2 na Fiero. Ferrari nyingi injini iko katikati, nyuma ya viti. Ukitaka umbo likae sawa unahitaji gari la kuchinja lenye mpangilio huo, na la bei ndogo. Fiero, iliyotengenezwa kuanzia 1984 hadi 1988, ilikuwa kama imeumbwa kwa kazi hii: chini yake ni fremu ya chuma inayojitegemea, juu bodi ya plastiki iliyofungwa kwa boliti. Unavua nguo moja unavalisha nyingine. Ndiyo maana unakuta Ferrari yenye sauti ya gari la kwenda sokoni.

Nimeziona nyingi. Ukweli wangu: nyingi hazijengwi vizuri. Umbo halikai kwa sababu urefu kati ya matairi ya mbele na ya nyuma haulingani na wa Ferrari, kwa hiyo mjenzi ananyoosha hapa, anabana pale, na jicho linakataa hata kabla hujajua ni nini. Cobra na Seven zinasamehe kwa sababu zilikuwa magari rahisi tangu asili, mabomba na bodi nyepesi. Mtu na gereji yake anaweza kuvifikia vile viwango, pengine akavipita. Ferrari ya miaka ya 90 haifikiwi hivyo.

Kisheria Ferrari wamepigana mapema. Kuna kesi maarufu ya Marekani, rufaa iliamuliwa mwaka 1991, dhidi ya mtengenezaji wa nakala za Daytona Spyder na Testarossa. Yeye alijitetea kwamba wateja wake wanajua wanachonunua, hakumdanganya yeyote. Mahakama ikasema haitoshi: anayeliona barabarani hajui, na jina la Ferrari linaharibika machoni pake. Akashindwa.

Hapo, dada, hoja yangu ya mwanzo inabanwa. Nilisema gari lisidanganye, nikimfikiria mnunuzi. Lakini gari linazungumza na mtaa mzima, wala mwenye gari hawezi kusimama kila taa nyekundu kueleza. Nimeliwaza hili tangu jana uliposti. Nimefika hapa: sura ikishakuwa ya historia, mtaa unaisoma kama ukumbusho. Sheria ya Marekani ya mwishoni mwa 2015 imekaa karibu na hapo, inaruhusu kampuni ndogo kujenga replika zilizokamilika, zisizidi 325 kwa mwaka, za magari yenye umri wa miaka 25 na zaidi. Sura ya gari linalouzwa dukani leo ni jambo tofauti, na nembo ya farasi ya Ferrari juu yake ni uongo, nasema bila kumung'unya. Hao wa MR2 wanaotembea na farasi kwenye pua, sitawatetea.

Silinda Nane

Hapo umenikuta. Swali moja la mwisho, mkuu, nalo ni la kweli kutoka moyoni. Kwenye lile la mzee wako, pale kwenye pua ambapo AC halisi ina ile duara ya nembo, amebandika nini?

Fundi Boti

Na mimi nasubiri jibu la hilo. Pia unene wa faiba kwenye milango ni milimita ngapi, ukipata nafasi.

Kijana wa Mbezi

Wakuu samahani kuingilia, nauliza kama mtu anaweza kuagiza la vipande akajengea Bongo?

Mzee wa Spana

Kijana wa Mbezi, kabla hujalipa hata senti nenda TRA uwaulize kwa maandishi gari lisilo na namba ya chesisi ya kiwanda kikubwa litasajiliwaje. Watu wengi duniani wamejenga gari zuri likaishia kuwa fanicha ya gereji kwa kuanza na boliti kabla ya karatasi. Ukipata jibu, lilete hapa na sisi tujue. Na anza na Seven, usianze na Cobra. Ni ndogo, haina milango.

Sheikh wa Tanga, nimepima jioni hii, kingo za mlango ni milimita 5, katikati inapungua kidogo. Mzee amesema nikuulize mnatumia tabaka ngapi za mati kwenye ubavu wa boti.

Silinda Nane, nimekwenda kumuuliza leo makusudi kwa ajili yako. Duara ya AC anayo. Aliinunua kwenye mnada wa vipuri vya zamani kabla hata chesisi haijafika, iko kwenye droo ya meza yake ya kazi, imefungwa kwenye kitambaa. Hajawahi kuibandika. Kwenye pua kuna tundu mbili ndogo zilizozibwa kwa puti na kupakwa rangi, ukipitisha kidole unazihisi. Nikamuuliza, kama si AC basi weka la kwako, una haki. Akanijibu kwamba jina lake litakaa pale siku milango itakapomridhisha.

Wa kushoto bado anaulalamikia. Jumamosi tunaufungua tena.